Sauti ya Marissa Nadler imenikaa kichwani tangu Malaba: inatengenezwaje, na adungu inaweza kuifikia?

Dereva_Panyimur anauliza:

Habari zenu wapenzi wa muziki. Nitaandika kirefu, naomba mnivumilie, maana jambo hili ninalo wiki ya nne sasa na barabarani sina wa kumweleza.

Mimi ni dereva wa trela, Mombasa–Kampala, mara nyingine napelekwa hadi Elegu, mpakani na Sudan Kusini. Kwetu ni Panyimur, Uganda, pale Ziwa Albert linapoanza kuwa Nile. Usiku mmoja nilikuwa kwenye foleni ya mpaka wa Malaba, kama saa saba, mvua imekatika, vioo vimeingia ukungu, taniboi, utingo wangu, amejikunja kitandani nyuma ya viti. Mpwa wangu anayesoma Kampala alinijazia memori kadi nyimbo zaidi ya mia mbili, nami huziacha zijipange zenyewe. Zikapita rumba mbili. Halafu likaja gitaa peke yake.

Lilikuwa linadonolewa uzi mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayehesabu hela za mtu mwingine. Kisha mwanamke akaanza kuimba. Sauti nyembamba, tulivu, haipandi kwa nguvu wala haishuki kwa kilio. Ungesema yuko chumba cha pili na mlango umeachwa wazi. Na nyuma ya sauti yake ilikuwepo sauti yake tena, ikimfuata kwa nusu hatua. Nilizima feni ya kabini ili nisikie vizuri. Foleni iliposogea, wa nyuma yangu alipiga honi mara mbili kabla sijaingiza gia.

Asubuhi nikamwuliza mpwa wangu. Akaniambia ni Marissa Nadler, Mmarekani, na muziki wenyewe wanauita foki ya kigothiki, yaani nyimbo za mapokeo zenye giza. Wimbo ni "Bessie, Did You Make It?", unaofungua albamu yake ya 2021, The Path of the Clouds. Nikatafuta kisa chake. Bessie na mumewe Glen Hyde walikuwa watu kweli. Mwaka 1928, wakiwa wametoka tu kuoana, waliteremka Mto Colorado kwa mashua waliyoiunda wenyewe, wapite bonde la Grand Canyon, Bessie awe mwanamke wa kwanza kulimaliza. Hawakutokea. Waliotumwa kuwatafuta waliikuta mashua inaelea bila kupinduka, mizigo imo ndani. Miili haikuonekana hadi leo.

Nilipofika hapo nikaiweka simu juu ya dashibodi nikakaa kimya.

Baba yangu mdogo alikuwa mvuvi. Mwaka 1998, mimi niko darasa la sita, alitoka jioni na mtumbwi wake na asubuhi mtumbwi ukaonekana chini ya Panyimur, kuelekea Pakwach, umeshikwa na magugu maji. Haukupinduka. Nyavu zilikuwa zimekunjwa. Jerikeni la maji ya kunywa lilikuwa na kifuniko chake. Tulimtafuta siku tisa. Baba yangu alikuwa mpiga adungu, kile chombo cha nyuzi cha kwetu Waalur, na matanga yalipofika siku ya nne aliketi mlangoni kwa marehemu akapiga wimbo ambao hakuwahi kuupiga kabla, wala sikuwahi kumsikia akiurudia. Naukumbuka mwendo wake wote. Maneno nimebaki na mstari mmoja, ambao kwa Kiswahili ni: mtumbwi umerudi, na kasia je?

Baba alifariki 2011. Hakuna aliyemrekodi. Adungu yake imetundikwa nyumbani kwa kaka yangu, nyuzi mbili hazipo.

Sasa ombi langu kwenu mnaojua mambo ya sauti. Huyu dada anafanya nini hasa mpaka sauti yake inakaa vile? Ni chombo, ni koo, ni mashine? Nina simu tu, na kaka anaweza kuniletea adungu. Nataka kuurekodi ule wimbo wa baba, na nataka usikike kwa namna hii, ya chumba cha pili.

Na jambo jingine. Nilimpigia wimbo huu mwalimu wa kwaya ya kanisa letu, tulipokuwa tunakwenda mazishini pamoja kwa gari dogo. Hakungoja umalize. Akasema zima, hizo ni nyimbo za mashetani. Nilizima kwa kumheshimu. Lakini mimi moyoni sikuona shetani pale, niliona mtumbwi. Naomba na hilo mnisaidie.

FundiMitambo_Nansana anajibu:

Kaka dereva, karibu. Mimi hurekodi kwaya na wasanii wadogo hapa Nansana, mwaka wa kumi na moja, na swali lako ni la kazi yangu kabisa, kwa hiyo nami nitaandika kirefu.

Kwanza mwenyewe. Nadler alisomea uchoraji, chuo cha sanaa cha Rhode Island, na gitaa alijifunza bila mwalimu alipokuwa kijana. Albamu ya kwanza ilitoka 2004. Mwaka 2010 aliimba kwenye albamu ya Xasthur, yule Mmarekani wa metali nyeusi, yaani roki nzito ya giza, na albamu yake ya July, 2014, aliisimamia Randall Dunn, fundi aliyezoea bendi zenye magitaa mazito kama matingatinga. Yaani ni mtu wa nyimbo laini ambaye watu wa muziki wa giza wanamfahamu. Ndipo jina hilo linapotokea. Neno gothiki lilitokana na jina la Wagothi, watu wa kale wa Ulaya, kisha likawa la ujenzi: yale makanisa marefu ya mawe ya Ulaya ya zamani, yenye matao yaliyochongoka. Baadaye Waingereza wakaita hivyo hadithi zao za majumba ya mawe na mizimu, kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 likahamia kwenye muziki wa roki. Mwalimu wako wa kwaya akiuliza, mwambie neno limepitia kanisani.

Sasa sauti. Mambo yako manne, na kila mmoja wetu anaweza kuyapata.

La kwanza, makazi ya wimbo. Ulishaimba kwaya, unajua do re mi. Nyimbo nyingi za furaha makazi yake ni do: huko ndiko zinarudi kupumzika. Hizi zinarudi kwenye la. Ngazi ni ile ile, ila umehamia chumba cha chini, na hiyo ndiyo maina. Habari njema kwako: adungu za siku hizi, hasa za kanisani, hukazwa do-re-mi kamili. Hakuna haja ya kukaza upya hata uzi mmoja. Anza kwenye la, zunguka, malizia kwenye la. Ikiwa ya mzee ilikazwa kwa sauti tano za zamani, do re mi so la, bado utaipata. Nina hakika nusu kwamba baba yako alifanya hivyo hivyo pale mlangoni. Jaribu kuimba mwendo wake uone unatua wapi.

La pili, kidole gumba. Kwenye gitaa lake gumba linatembea juu ya nyuzi nene, moja-mbili, moja-mbili, halichoki wala halibadiliki, na vidole vingine vinadonoa nyembamba juu yake. Lile gumba ndilo linalokufanya uhisi kuna mtu anatembea. Sauti inaweza kusimama, gumba halisimami. Kwenye adungu, mkono mmoja ushike nyuzi mbili tu za chini, la na mi, uzirudie wimbo mzima. Utashawishika kuongeza nyingine, usiongeze.

La tatu, ile sauti inayomfuata nusu hatua. Uliisikia vizuri sana, wengi hawaisikii. Ni yeye mwenyewe. Mwimbaji anaimba mstari uleule mara ya pili, mara nyingine ya tatu, na fundi anazilaza pamoja. Hakuna binadamu anayeweza kuimba mstari mara mbili sawasawa, kuna mahali atachelewa kidogo, kuna mahali atapanda unywele. Katika ule upenyo mdogo ndipo nywele za shingo zinaposimama. Nami nakuomba usiimbe kwa nguvu. Anayelia kwa sauti kubwa tunamwangalia yeye. Anayesema taratibu tunaangalia kile anachokisema.

La nne ni mwangwi, na hapa nilisimama nikacheka kwa furaha niliposoma kazi yako. Studioni tunauita riverbu, siku hizi ni programu ya kompyuta. Lakini zamani mwangwi ulikuwa chumba. Studio za Capitol kule Hollywood zina vyumba vya saruji chini ya ardhi, tangu miaka ya 1950: sauti ya mwimbaji inapelekwa chini kwa spika, inazunguka ukutani, maiki inairudisha juu. Watu wamelipia vyumba vile pesa nyingi. Wewe kaka unavuta chumba cha mwangwi kila ukirudi Mombasa mtupu.

Kontena la futi 40 ndani lina urefu wa kama mita 12. Sauti hukimbia karibu mita 340 kwa sekunde. Ukiimba ukiwa mlangoni umeelekea ndani, sauti inakwenda mita 12 na kurudi mita 12, jumla 24. Hizo ni kama sehemu 7 za mia za sekunde moja. Sikio halisikii hapo sauti mbili zilizoachana, linasikia sauti moja ambayo imeingia ndani ya kitu. Chumba chako cha pili ndicho hicho. Shida ni upana, mita mbili na ushee tu, kuta za bati zinatazamana. Piga kofi moja katikati utasikia "trrrr", kama pikipiki ndogo iliyoko mbali. Hiyo ni mbaya kwa adungu. Tundika mablanketi au magunia matupu upande mmoja tu, mwingine uache wazi. Nyuma kabisa usiweke kitu.

Tumia simu mbili. Moja iwe shubiri moja kutoka kwenye tundu la ngozi ya adungu, nyingine iache mwisho wa kontena, juu ya gunia lililokunjwa ili isidake mtikisiko wa sakafu. Mkianza, mtu apige kofi moja. Kofi hilo ndilo nitakalotumia kuzilinganisha ukinitumia. Sihitaji malipo.

Na tafadhali sana: mlango wa kontena hufungwa kwa nje tu. Taniboi abaki nje, macho, na mlango mmoja uwe wazi.

Dada_Gulu anajibu:

Pole sana kaka, kwa baba mdogo na kwa mzee.

Hilo la shetani nalijibu kama mtu wa kanisa, maana naimba kwaya kila Jumapili. Fungua Zaburi ya 88. Isome yote, ni fupi. Haina shukrani mwishoni, inaishia gizani na hapo hapo imekatika. Waliokusanya Biblia hawakuitoa. Kwa hiyo mtu akiimba huzuni yake mpaka mwisho bila kuipaka asali, sioni ameacha imani wapi.

Na sisi kaskazini tulikuwa na mtu wetu wa sauti hii kabla ya huyo dada. Geoffrey Oryema, Mwacholi aliyezaliwa Soroti 1953. Baba yake, Erinayo Oryema, alikuwa waziri wakati wa Idi Amin, akauawa Februari 1977 pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum. Kijana alivushwa hadi Kenya akiwa ndani ya buti ya gari, akaishia Ufaransa, na albamu yake Exile ikatoka 1990 chini ya usimamizi wa Brian Eno. Mle ndani utasikia lukeme, ile ya ndimi za chuma inayopigwa kwa vidole gumba, na nanga ya nyuzi, na sauti ya mtu anayeimba nyumbani kwao akiwa mbali nako. Sikiliza zile nafasi za kimya. Hakuna aliyezijaza. Alifariki 2018.

Halafu sikiliza lukeme kwa karibu. Kila ulimi wa chuma umevalishwa kipete cha waya, kinacheza kila unapobonyeza, sauti inakuwa na vumbi vumbi. Wazee hawakuitaka sauti safi. Ukisafisha sana wimbo wa baba yako utakuwa umeukosa.

Mlokole_Mbale anajibu:

Ndugu dereva, mimi siku zote nasema kweli kwa upendo. Siujui wimbo huo, kwa hiyo sitauita wa shetani. Ila unasema ulisahau kuingiza gia. Nyimbo za kutuliza namna hiyo saa saba za usiku, na trela nyuma yako, na barabara ya Bugiri unaijua. Mdogo wangu alichukuliwa na usingizi pale. Sikiliza ukiwa umeegesha. Na kama ni huzuni ya zamani imefunguka, usibaki nayo kwenye kabini peke yako, mpigie mtu wa nyumbani.

Dereva_Panyimur anajibu:

Ahsante mzee, hilo nimelipokea lote. Tangu siku ile nausikiliza nikiwa nimezima injini tu.

Hajati_Bombo anajibu:

Mwanangu, salaam aleikum. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia, mimi nasema.

Unajua Kiswahili kinaitaje chombo cha baba yako? Kinubi. Na Kinubi ndiyo lugha tunayosema sisi hapa Bombo majumbani mwetu. Basi mimi nikasema swali hili na mimi linanihusu.

Nilipokuwa msichana nilikaa miaka minne Mombasa kwa shangazi. Kwenye harusi za wakati ule bado kulikuwa na wazee wanaopiga taarabu ya zamani na kile kinanda cha mvukuto, mkono mmoja unapuliza na mwingine unabonyeza. Kinanda kile kinashika sauti moja, kinaing'ang'ania, haikatiki, na mwimbaji anapita juu yake kama mtu kwenye ukuta. Maneno yalikuwa ya mapenzi, harusi imejaa watu, udi unafuka, na bado wanawake watu wazima walikuwa wanajifuta macho kwa ncha ya leso. Hakuna aliyewaambia wazime. Tulijua kwamba furaha ile imekalia mambo mengi.

Lakini nilichotaka kukwambia ni kingine. Umesema maneno yamebaki mstari mmoja. Mwanangu, baba yako hakuimba peke yake pale mlangoni. Wimbo wa matanga una wenyewe. Mke wa marehemu yuko hai? Alikuwa ndani ya nyumba ile, umbali wa hatua tatu kutoka kwenye kinubi. Yeye hakusahau. Mwulize kwanza kabla hujapeleka simu yako kwenye kontena.

FundiMitambo_Nansana anajibu:

Hajati, shikamoo. Kinanda hicho cha mvukuto ndicho alichokichukua Nico, yule mwimbaji Mjerumani, mwishoni mwa miaka ya 1960, akakifanya nguzo ya nyimbo zake. Wanaoimba nyimbo za giza hadi leo wanamhesabu kama bibi yao. Chombo cha harusi za Mombasa, chombo cha Nico, kile kile. Ahsante sana kwa kunikumbusha.

Dereva_Panyimur anajibu:

Nimerudi baada ya siku kumi na saba. Nawapa habari.

Nilimpigia simu mama mdogo, mke wa marehemu. Yuko Panyimur bado, anauza samaki wakavu sokoni. Niliogopa kumwuliza, nikazunguka na habari za mvua na za watoto, mwishowe nikasema. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akaimba. Kwenye simu, sokoni, watu wakipita, aliimba wimbo wa baba wote, mistari sita, kwa sauti ya chini kabisa. Fundi, unatua kwenye la. Nilikuwa naufuata kwa kidole kwenye usukani.

Kumbe ule mstari nilikuwa nao nusu. Mimi miaka yote hii nilidhani "na kasia je?" ni maneno ya kujazia wimbo. Mama mdogo akaniuliza: wewe uliliona kasia? Nikasema nilikuwa mtoto, niliona nyavu na jerikeni. Akasema kasia halikuwemo. Mashua nzima, kila kitu chake kimo, kasia hakuna. Baba yangu aliliona hilo asubuhi ile ile na hakulisema mbele ya watu, akaliweka kwenye wimbo ili mke wa ndugu yake alisikie. Maana mtu akianguka majini, kasia linaelea au linabaki. Aliyekwenda na kasia lake amekwenda mahali. Ukifuata ufuo wa ziwa kwenda kusini ni Kongo, ni Mahagi. Mama mdogo hajawahi kuvaa nguo ya mjane hata siku moja, na sisi nyumbani tulikuwa tunamsema vibaya kwa hilo. Hata mimi nilishawahi kumsema.

Niliegesha pale Bugiri, nikamrudia Bessie, mara hii nikifuata maneno. Nadhani niliusikia vibaya mara ya kwanza. Nyimbo za zamani za Wazungu za mauaji, mpwa wangu ananiambia, katika nyingi mwanamke ndiye anayeuawa, mara kadhaa akakutwa mtoni. Huyu dada ameugeuza, anamwachia Bessie njia ya kutoka hai. Na kule kwao pia watu hawakukubali kuufunga mlango: mwaka 1971 mwanamke mmoja mzee aliyekuwa kwenye msafara wa mashua mto ule ule aliwaambia wenzake kwamba yeye ndiye Bessie. Baadaye akakana. Nimelifikiria sana lile neno, akakana.

Kontena sasa. Kaka aliweka adungu kwenye basi la Pakwach, imefungwa kwa shuka, nikaipokea Kampala. Nilitia nyuzi mbili mpya, nailoni ya kuvulia, niliipata Kikuubo. Nikavunja msumari wa kukazia mmoja kwa kukaza kwa haraka, fundi seremala akanichongea mwingine wa mti mgumu, huo umekaa vizuri kuliko ile ya zamani. Ngozi ina ufa wa nywele karibu na tundu. Baada ya kusoma maneno ya dada wa Gulu sikuuziba. Uzi mnene ukiguswa, ule ufa unalia kidogo, "zii", kama nzi aliye chini ya kikombe.

Tuliegesha kwenye yadi, upande wa Kenya, kontena tupu, saa tisa usiku kwa sababu ndiyo saa jenereta ya jirani inazimwa. Magunia upande wa kushoto. Taniboi nje, nikampa tochi na chai. Nilipiga kofi. Fundi, ile "trrrr" ilikuwepo kwanza, nikaongeza blanketi langu la kitandani, ikaondoka. Nikaketi mlangoni nimeelekea ndani, giza tupu mbele yangu, gumba kwenye la na mi kama ulivyosema.

Mstari wa kwanza sikuutoa. Koo lilikataa. Nilipiga nyuzi mbili zile labda dakika tano, bila kuimba, na kontena likawa linanirudishia. Hapo ndipo nilipoelewa kile nilichokuwa nawauliza. Sauti inayorudi si yako tena sawasawa, inakuja imetoka mahali. Nilikuwa napiga mimi, lakini aliyekuwa anapiga kule mwisho alikuwa na mkono mzito kidogo kuliko wangu. Ndipo nikaimba. Mistari sita, mara tatu, ili upate za kulaza pamoja.

Mara ya tatu mvua ikaanza, matone machache juu ya bati, kwenye mstari wa kasia. Nataka uniambie kama itabidi nirudie.

Simu zote mbili zimeshika vizuri. Taniboi, ambaye ni kijana wa Busoga na haelewi neno moja la Kialur, aliniuliza: nani alikuwa anaimba na wewe kule ndani?

FundiMitambo_Nansana anajibu:

Usirudie. Mvua iache. Nitumie zote mbili kama zilivyo, usizipunguze ukubwa. Na useme kama unataka niiweke hapa wenzetu waisikie.

Dereva_Panyimur anajibu:

Bado. Ijumaa napakia Kampala kwenda Elegu, nikishusha nitakunja Karuma niende Pakwach hadi nyumbani. Nitamketisha mama mdogo, nitampa simu mkononi mwake. Akisema iwekwe, nitakutumia ujumbe siku hiyo hiyo.